Helikopta ya 450 yenye kichwa cha FBL: nianzie wapi kuiseti kabla ya kuirusha?

Nyanda_za_Juu

Habari wakuu. Nina helikopta ndogo ya rimoti, T-Rex 450 ya mkanda (mkia unazungushwa na mkanda), imetumika, na kichwa kimeshabadilishwa kuwa FBL, yaani ile fimbo ya mizani juu ya kichwa haipo tena, kazi yake inafanywa na kifaa cha umeme chenye jairo. Vifaa: mapanga ya kaboni 325 mm, mota 3500 KV (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), pinioni (gia ndogo ya mota) ya meno 11, gia kubwa ya meno 150, ESC (kidhibiti cha mota) ya ampea 40, betri ya lipo 3S, yaani seli tatu, ya 2200 mAh. Servo tatu za swashipleti (ile sahani chini ya kichwa inayobadilisha pembe za mapanga) ni za analogi, ya mkia ni ya dijitali. Rimoti ina chaneli 8, mode 2. Niko Mbeya mjini.

Nimezoea droni, na droni ukiachia vijiti inasimama yenyewe, kwa hiyo nichukulieni kama sijui kitu. Ninachoomba:

1. Utaratibu wa kuseti, nini kwanza na nini baadaye.
2. Kevu (jinsi amri inavyofuata mwendo wa kijiti) za throto na za pembe ya mapanga kwa mtu anayeanza.
3. Nikipandisha kijiti cha kushoto swashipleti haipandi sawasawa, inainama upande mmoja. Servo imekufa?
4. Miguu ya mazoezi, ile ya fimbo na mipira, inasaidia au ni mapambo?

FundiServo

Mkuu, kabla ya swali lolote: toa mapanga makubwa, toa na ya mkia, kisha chomoa nyaya tatu za mota kwenye ESC na uzifunge tepu moja moja. ESC itaendelea kulisha risiva na servo, ila mota haitazunguka hata ukikosea swichi. Mapanga ya 325 mm kwenye rpm 2,400 (mizunguko kwa dakika) ncha zake zinakwenda zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mezani hayana kazi.

Swali la tatu ndilo rahisi, nalo karibu kila anayehamia FBL hukutana nalo. Servo haijafa. Rimoti yako bado iko kwenye mpangilio wa swashi wa digrii 120, kwa hiyo inachanganya amri za servo tatu, halafu kifaa cha FBL kinachanganya tena kilichokwisha kuchanganywa. Ingia kwenye menyu ya aina ya swashi, chagua ile ya servo moja, mara nyingi imeandikwa H-1. Kuanzia hapo rimoti inatuma amri ghafi tu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, mkia. Ukiwa kwenye menyu hizo hizo rudisha trimu (marekebisho madogo ya katikati ya kijiti) zote sifuri, sabutrimu (ya katikati ya kila servo) zote sifuri, na mwendo wa chaneli zote asilimia 100. Kwenye FBL hakuna kupiga trimu ukiwa angani. Kifaa kikiona kijiti hakiko katikati kinadhani unaamuru kuzunguka, na kitazunguka kweli.

Baada ya hapo chagua marudio ya servo ndani ya FBL. Hapa usiharakishe. Servo za analogi za swashipleti ziweke 50 Hz, au 65 Hz kama karatasi ya servo inaruhusu. Ukizipa 200 Hz zitachemka na kuungua ndani ya dakika chache, tena zikiwa mezani tu. Ya mkia ikiwa ni dijitali ambayo katikati yake ni mapigo ya 1520 basi 333 Hz ni kawaida, lakini soma karatasi yake, kwa sababu kuna servo za mkia za kati 760 na hizo hazielewani na 1520 kabisa, mkono wake utakwenda mwisho na kubaki huko ukinguruma. Voltu ya BEC ya ESC (sehemu inayolisha risiva na servo) nayo iangalie: servo nyingi ndogo za zamani zinataka 4.8 hadi 6. Weka 5.5 ukae salama.

Sasa mitambo. Kijiti cha kolektivu (pembe ya mapanga yote kwa pamoja) katikati, mikono ya servo tatu iwe imesimama digrii 90 na linki zake. Meno ya servo hayatakupa 90 kamili, sogeza mkono jino moja moja upate ya karibu zaidi, kinachobaki kimalizie kwa sabutrimu ya ndani ya FBL na si ya rimoti. Kisha linki za chini, kati ya servo na swashipleti, zirefushe au zifupishe hadi swashipleti ilale sawa. Chombo cha kusawazisha swashipleti, kile kinachovalishwa kwenye shafti kuu, ni bei ndogo na kinamaliza ubishi. Mwisho linki za juu, zinazopanda kwenye vishikio vya mapanga, zizungushe hadi panga lisome digrii 0 kwenye kipimo cha pembe. Fuata utaratibu huo huo, chini kwenda juu. Ukianza na linki za juu utazirudia tena.

FBL nyingi zitakutaka uonyeshe digrii 6 za kuinama: panga sambamba na bomba la mkia, weka kipimo, ongeza hadi isome 6. Ikiwa huwezi kufika 6 bila namba kuwa kubwa mno, mpira kwenye mkono wa servo uko karibu mno na katikati, uhamishie tundu la nje. Na ikifika 6 kwa namba ndogo mno, urudishe ndani, servo ipate mwendo wa kutosha wa kufanya kazi kwa ulaini. Kolektivu weka digrii 10 juu na 10 chini, kisha peleka vijiti vyote kwenye kila kona huku umesogeza sikio: servo ikilia au linki ikigusa fremu, punguza.

Jaribio la mwisho na usiliruke hata siku una haraka. Inua helikopta mkononi, iinamishe mbele: swashipleti lazima iiname nyuma, yaani ijitahidi kubaki sawa na sakafu. Iinamishe kulia, swashipleti iende kushoto. Zungusha pua kushoto, slaida ya mkia isogee kama vile umesukuma kijiti cha mkia kwenda kulia. Upande mmoja ukiwa kinyume, helikopta itajipindua yenyewe sekunde ileile inapoacha ardhi, na hakuna kidole chenye kasi ya kuiokoa.

Pwani450

Naongezea upande wa chuma, kwa sababu ni ya mtumba na hujui ilianguka mara ngapi.

Toa shafti kuu na spindo, yaani ile shafti nyembamba ya ndani inayobeba vishikio viwili. Zivingirishe juu ya kioo. Ukiona mwanga unapita chini yake au ncha inaruka, imepinda, badilisha. Usijaribu kuinyoosha.

Skrubu zote zinazoingia kwenye chuma zitoe moja moja, safisha mafuta kwa spiriti, tia tone la gundi ya nati ya bluu. Tone tu. Zinazoingia kwenye plastiki usitie, ile gundi inaipasua plastiki. Angalia mkao wa pinioni na gia kubwa: kata karatasi ya daftari, ipitishe katikati ya meno, kaza mota, kisha izungushe itoke. Karatasi itoke na mikunjo bila kuchanika. Fanya hivyo sehemu nne za gia, kwa sababu gia za plastiki si duara kamili, na kipimo chako kiwe sehemu iliyobana zaidi.

Mkanda: bonyeza pande zake mbili kwa bisibisi. Zikigusana umelegea, utaruka meno mkia ukipewa amri ya nguvu. Ukikaza kama uzi wa gitaa unakula umeme na kuua beringi. Na kwa kuwa mkanda unasokotwa robo mzunguko kabla ya kuingia kwenye bomba, hakikisha haukusokotwa kinyume. Geuza kichwa kwa mkono kwa upande wake wa kawaida, saa ukiangalia kutoka juu. Panga la mkia lililoko chini linapaswa kuelekea mbele ya helikopta.

Boliti za mapanga makubwa: ilaze helikopta ubavu. Mapanga yabaki yamenyooka, lakini ukiitikisa kidogo yashuke. Yakilegea sana kichwa kitatikisika wakati wa kuanza. Yakikazwa kabisa hayajinyooshi yenyewe, mtikisiko hauishi.

Uzani: shika kichwa katikati kwa vidole viwili, betri ikiwa ndani na kofia (ganda la mbele) imevaa. Ikae sawa. Pua ikizama rudisha betri nyuma.

Kipimo_rpm

Wote wamesema vizuri ila hakuna aliyegusa kwamba jamaa yuko Mbeya. Namba nyingi za mitandaoni zimeandikwa na watu wa usawa wa bahari. Mbeya ni kama mita 1,700, na huko uzito wa hewa ni takriban asilimia 85 ya ule wa Dar au Tanga. Nguvu ya kuinua inafuata uzito wa hewa ukizidishwa na rpm mara rpm. Kwa hiyo ili mapanga yaleyale kwenye pembe ileile yabebe uzito uleule, unahitaji rpm zaidi kwa asilimia 8 au 9. Anayetumia 2,250 Tanga, wewe weka kama 2,450.

Hesabu ya vifaa vyako: 11.1 V × 3500 ni 38,850, mara 11 gawanya kwa 150 unapata kama 2,850 bila mzigo. Mota ikibeba mzigo, kwa throto ya asilimia 80 hadi 85 na betri ikiwa imejaa (12.6 V, si 11.1), tarajia kitu cha 2,300 hadi 2,450. Kwa hiyo pinioni ya 11 inakutosha. Wapo watakaokushauri uweke ya 13 kwa sababu ya hewa nyepesi. Usiwasikilize: hesabu inapanda hadi karibu 3,370 bila mzigo, ampea zinapanda, utalazimika kushusha throto hadi asilimia 60 na kitu, na ESC huchemka zaidi ikifanya kazi chini ya asilimia 70.

Kevu ya throto: laini moja kwa moja, 80-80-80-80-80 (pointi tano za kijiti, chini hadi juu). Najua vitabu vya zamani vinasema 0-40-60-70-75 kwa wanaoanza. Hiyo ilikuwa sawa enzi za fimbo ya mizani. FBL na jairo ya mkia wanataka mzunguko usiobadilika. Rpm ikipanda na kushuka kila ukigusa kijiti, mkia utakuwa unatupatupa. Lakini laini ya 80 maana yake mota inaanza mara moja ukiwasha, kwa hiyo vitu viwili ni lazima: ESC iwekwe mwanzo wa polepole, na swichi ya kukata mota ipangwe kabla ya yote, ipeleke throto sifuri bila kujali kijiti kiko wapi. Unawasha ukiwa na swichi imekata, unaiweka chini, unarudi nyuma mita 8, kijiti chini kabisa, ndipo unaiachia swichi. Subiri sekunde 15 mzunguko utulie. Na failisefu ya risiva (inachofanya ikipoteza rimoti): throto sifuri. Ijaribu mezani kwa kuzima rimoti.

Kevu ya pembe: 35-52-70-85-95. Kama 50 ni digrii 0 na 100 ni digrii 10, basi chini unapata −3, katikati +4, juu +9. Huko kwenu itaelea karibu +6, kijiti kikiwa juu kidogo ya katikati. Ile −3 usiiondoe ukidhani ni ya wanaopiga sarakasi. Upepo ukiingia chini ya mapanga bila pembe hasi, helikopta haitaki kushuka, na mtu anaishia kukata mota ikiwa juu.

Ekspo (kulainisha kijiti karibu na katikati) asilimia 25 kwa kuinama pande zote. Mkia 20.

Nyanda_za_Juu

Asanteni sana wakuu. Swashipleti imenyooka baada ya kuweka H-1. Pembe zimekaa, majaribio ya kuinamisha yako sawa. Nimefunga mapanga na kuizungusha ikiwa chini bila kuipaisha. Matatizo mawili: mkia unapiga kushoto kulia haraka haraka, na mwili mzima unatikisika, miguu inacheza sakafuni.

FundiServo

Usipaishe bado. Mtikisiko unaiharibia FBL hesabu, inaona kutikisika ni kuinama.

Tazama mtikisiko ni wa aina gani. Mwili wote ukicheza polepole, tatizo liko juu: mapanga, spindo au shafti kuu. Ukiona mapezi ya mkia yamekuwa ukungu na kofia inalia kama nyuki, tatizo ni kitu chenye kasi: mapanga ya mkia, shafti ya mkia au beringi ya mota. Wewe unasema miguu inacheza, kwa hiyo anza juu.

Funga tepu ya rangi kwenye ncha ya panga moja na nyingine ya rangi tofauti kwenye la pili, upana uleule. Mtu mwingine azungushe, wewe simama mbali, jicho usawa wa mapanga. Lakini usisimame kwenye mstari wa mzunguko wenyewe ukiwa karibu, panga likichomoka linafuata mstari huo. Ukiona diski mbili badala ya moja, panga moja linapita juu. Zima, fupisha linki ya panga la juu nusu mzunguko, jaribu tena. Ikiwa diski ni moja na bado inacheza, pima mapanga yenyewe: yaunganishe kwa boliti moja yaning'inie pande mbili, lililo jepesi liongezee tepu nchani hadi yakae sawa. Yakishasawazishwa na bado, rudi kwenye spindo aliyosema Pwani450.

Mkia unaopiga haraka ni geini (ukali wa jairo ya mkia) imezidi. Ishushe asilimia 5 kwa 5 hadi utulie, kisha ongeza 2. Ila chomoa kwanza linki ya servo ya mkia, sukuma slaida kwa kidole kimoja: iende na kurudi bila kukwama popote. Ikikwama katikati, geini yoyote utakayoweka itakuwa mbaya. Ukipiga polepole, kama ng'ombe anayefukuza nzi, basi si geini. Ni ulegevu wa vikombe vya linki au mkanda.

Mkavu_Mkavu

Kitu kimoja kuhusu mkanda na huko nyanda za juu kipindi cha kiangazi, hewa kavu na vumbi. Mkanda ukisugua ndani ya bomba unatengeneza umeme tuli, unaruka kwenye fremu, risiva au FBL inashtuka na mkia unaruka ghafla bila sababu. Dawa: nyunyiza silikoni kidogo kwenye mkanda, na unganisha waya mwembamba kutoka bomba la mkia hadi mwili wa mota. Kwangua rangi ya bomba mahali waya unaposhika, rangi haipitishi umeme.

Pwani450

Kuhusu kuirusha. Miguu ya mazoezi inasaidia, sikubaliani na wanaoicheka. Fimbo mbili nyepesi za kama sentimita 70, mipira minne ya tenisi ya mezani, zifungwe kwa zipu kwenye miguu. Kazi yake ni kuzuia helikopta isijikwae na kupinduka inapotua ikiwa inateleza pembeni. Zikaze barabara, zikicheza zitaleta mtikisiko tuliotoka kuuondoa.

Kipimo_rpm

Miguu sawa, lakini isimfanye abaki chini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Chini ya upana mmoja wa mapanga, kwako kama sentimita 70, hewa inayopigwa chini inarudi juu na kuisukuma ovyo. Mwanafunzi anaona "nikikaa sentimita 20 ni salama" kumbe anajifunzia mahali pagumu kuliko pote. Ipandishe kwa uthabiti hadi mita 1 au 1.5, huko inatulia.

Ikiwa angani utaona imeinama kulia kidogo ikiwa imetulia. Usipigane nayo na usiguse trimu. Mapanga yanazunguka saa, mkia unasukuma mwili kushoto ili pua isigeuke, kuinama kulia kunafuta msukumo huo.

Kabla ya hayo simuleta, rimoti yako mwenyewe kwa kebo ya USB: RealFlight au Heli-X. Pua mbele, mkia kwako, hadi uweze kuishikilia ndani ya mraba wa mita 2 kwa betri nzima. Kisha uigeuze digrii 45 kila upande, kisha ubavu, mwisho kabisa pua ikikutazama. Katika hali hiyo ya mwisho kushoto na kulia vinageuka; njia ya kukumbuka ni kusukuma kijiti upande ule inakoangukia. Ukiuona mkono unafanya bila kufikiri kwenye simuleta, ndipo uwanjani. Usihame hatua moja kwa sababu tu umechoshwa nayo.

Uwanjani nenda asubuhi, saa moja hadi saa tatu, upepo ukiwa bado. Simama nyuma, pua ielekee upepo. Kipima muda dakika 4 kwa mwanzo. Ukichaji angalia mAh zilizorudi: usivuke 1,760 kati ya 2,200, kisha rekebisha muda. Chaji kwa 2.2 A kwa kusawazisha seli, isiyotumika iache kwenye 3.8 V kila seli. Lipo iliyovimba haina matengenezo.

Ikianza kukushinda, kata mota. Vijana wanaona aibu kukata ikiwa mita moja juu na kuvunja miguu ya plastiki. Wakingoja mapanga yaguse chini kwa nguvu, wanalipa kichwa, gia na bomba.

Mkavu_Mkavu

Na TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) ulizia kibali kabla ya kuanza, hiki nacho ni chombo cha angani kisicho na rubani kwao, si mchezo wa watoto. Njia ya ndege za uwanja wa Songwe kaa mbali nayo.

Nyanda_za_Juu

Nimeelewa. Diski sasa ni moja, mkia umetulia kwenye geini ya 38. Naagiza vipuri kabla ya kuipaisha, ninunue nini?

FundiServo

Spindo mbili, shafti kuu moja, gia kubwa mbili, mapanga ya mkia jozi mbili, mapanga makubwa jozi mbili, bomba moja, mkanda mmoja, miguu jozi moja, mfuko wa vikombe vya linki, na seti ya meno ya servo zako. Mapanga makubwa ya akiba chukua ya fiberi ya kioo, si kaboni: bei yake ni rahisi. Yawe tu yameandikwa ni ya FBL, yale ya enzi za fimbo yana uzani wa mbele usiofaa kichwa chako. Ya kaboni uliyo nayo yatunze hadi utakapoweza kukaa pua ikikutazama.